Pembejeo za ruzuku na malipo ya pamba: mwongozo kamili kwa mkulima aliyechoka kuzungushwa

Kila ifikapo Juni simu yangu haipumziki. "Ndugu, wenzangu wameshalipwa, mimi bado." Huwa nauliza maswali matatu tu. Line uliyoandikisha imesajiliwa kwa jina la nani? Jina lako kwenye kitabu cha chama limeandikwaje? Stakabadhi ya mizani unayo? Mara nyingi hatufiki swali la tatu.

Nimeandika haya kwa mkulima wa pamba wa Ukanda wa Magharibi wa Tanzania, yaani Kanda ya Ziwa na jirani zake, anayeuza kupitia AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), awe Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima, Kishapu, Kwimba au Igunga. Wa Ukanda wa Mashariki anaweza kuyafuata pia, ila tarehe za kupanda na za kuuza aulize kwao.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka nyumbani

- Kitambulisho cha NIDA, au walau namba yake yenye tarakimu 20.
- Line ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako na yenye huduma ya pesa.
- Kadi au namba ya akaunti ya benki, kama unayo.
- Kitabu chako cha uanachama wa AMCOS.
- Daftari dogo la kurasa 40 na kalamu. Litakaa na wewe msimu mzima.
- Bahasha ya plastiki ya kutunzia karatasi. Stakabadhi nyingi nimeziona zikifa ndani ya mfuko wa shati siku ya kufua.

Namba ya NIDA ukiwa umeisahau, piga *152*00# ufuate menyu ya utambuzi.

## Hatua ya 1: Fananisha jina lako kila mahali

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jina lako liko sehemu nne: NIDA, usajili wa line, akaunti ya benki na orodha ya chama. Orodha ya malipo ikifika benki au kwenye mtandao wa simu, mashine haimjui mtu. Inajua herufi na tarakimu. Chama kikiandika Kurwa na NIDA ikasema Kulwa, malipo yanaweza kurudi yalikotoka, au kukaa mpaka mtu ayarekebishe kwa mkono. Na huyo mtu ana orodha ya wakulima mia nne mezani.

Sisi Wasukuma l na r tunazichanganya tangu utotoni. Kuna pia Ng'wigulu anayeandikwa Mwigulu, na Mhoja aliyeandikwa Muhoja. Kuna aliyeandikishwa kwa jina la ubatizo huku kijiji kizima kikimwita kwa jina la babu. Yote ni majina yako halali, ila kwenye karatasi ya malipo ni watu wawili.

Fanya hivi:

1. Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Andika jina kama lilivyo kwenye NIDA, herufi kwa herufi.
2. Nenda kwa katibu wa chama umwombe akufungulie rejesta. Usimtajie jina akalitafuta. Mwonyeshe daftari, yeye asome na wewe usome.
3. Piga *106# kwenye simu yako uone line zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Namba uliyowapa chama isipokuwemo, hiyo line ni ya mtu mwingine, hata kama umeitumia miaka sita.
4. Benki, omba wakusomee jina la akaunti. Dakika moja inatosha.

Likipishana kwenye rejesta ya chama, litarekebishwa palepale; andika tarehe na nani amerekebisha. Tofauti ikiwa kubwa, mfano jina la pili halifanani kabisa, utahitaji hati ya kiapo kutoka kwa wakili au mahakamani inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Ishughulikie Agosti au Septemba, wakati hakuna foleni. Mwezi Juni utakuwa unaifuata huku shida za nyumbani zinakusubiri.

Utajua umefaulu ukiona jina lile lile, herufi zile zile, sehemu zote nne.

## Hatua ya 2: Tumia line yako mwenyewe

Najua kwa nini watu wanaandikisha line ya mtoto aliyeko Mwanza. Yeye ana simu nzuri, mzee ana kitochi kisichokaa na chaji. Lakini pesa ikiingia kule, umeshaanza mazungumzo ya familia ambayo hukuyapanga.

Kwa akina mama nasema wazi zaidi. Kama shamba unalilima wewe, jisajili wewe, kwa line yako. Nimemwona mama amepalilia ekari mbili, amechuma na kubeba kichwani hadi godauni, kisha ujumbe wa malipo ukaingia kwenye simu ya baba akiwa gulioni. Kilichofuata hakihitaji mwongozo.

Tahadhari mbili. Line isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Weka vocha hata ya shilingi 500 kila mwezi. Akaunti ya benki nayo ikilala muda mrefu bila muamala hufungiwa, na malipo yatagonga ukuta. Iamshe kabla ya Mei kwa kuweka chochote.

Ukitegemea mzigo mkubwa, chagua benki. Akaunti ya pesa ya simu ina kikomo cha salio.

## Hatua ya 3: Pima shamba, usikadirie

Mgao wa mbegu na viuadudu unafuata ekari zilizoandikwa. Ukisema tano wakati unazo tatu, huenda ukashangilia siku ya mgao. Lakini msimu ambao pembejeo zinatolewa kwa kukatwa kwenye mauzo, utalipia ekari mbili ambazo hazipo duniani. Ukisema mbili wakati ni nne, utabaki na nusu ya shamba bila dawa, na funza wa vitumba hawaulizi mpaka uko wapi.

Kipimo chetu cha hatua 70 kwa 70 si kibaya. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 63 na ushee, kwa hiyo hatua yako iwe ya sentimita 90 hivi, hatua ndefu ya mtu mzima. Jipime kwanza: nyoosha kamba ya mita 9 chini, utembee juu yake. Ukiimaliza kwa hatua 10, miguu yako ni kipimo. Ukiimaliza kwa 13, ongeza urefu wa hatua au tumia kamba.

Andika upande kwa upande kwenye daftari. Afisa kilimo akija na simu ya kupimia, linganisheni hapo hapo shambani.

## Hatua ya 4: Jisajili, na uhuishe taarifa kila msimu

Usajili unaanzia ofisi ya kijiji, kwa mtendaji au afisa kilimo, na kwenye chama chako. Nenda mwenyewe. Ukimtuma mtu utaandikwa anavyokufahamu yeye.

Waliosajiliwa misimu iliyopita hudhani wamemaliza. Ekari zinabadilika, line zinabadilika, na kuna aliyehamia kijiji kingine huku jina lake likiendelea kupokea mbegu kijiji cha zamani. Nani anazichukua? Tuliache.

Muda mzuri ni baada ya kung'oa na kuchoma masalia, kazi ambayo mwisho wake ni tarehe 15 Septemba. Kupanda huku kwetu kunaanza katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, kwa hiyo Oktoba ikiisha hujaonekana kwenye orodha, tayari umechelewa.

Usiondoke ofisini bila namba yako ya usajili. Iandike kwenye daftari chini ya jina lako.

Utajua umefaulu orodha ya wanufaika ikibandikwa kwenye ubao wa kijiji na jina lako likawemo pamoja na ekari sahihi. Ikibandikwa, ipige picha.

## Hatua ya 5: Siku ya kupokea mbegu na viuadudu

Swali la kwanza kabla ya kusaini: hii ni ruzuku kamili, au nitakatwa wakati wa kuuza? Utaratibu hubadilika msimu hadi msimu, na jibu la mwaka jana halikusaidii. Jibu utakalopewa liandike, na jina la aliyelitoa.

Kisha kagua:

- Mfuko wa mbegu. Uwe umeshonwa, una lebo, aina na msimu. Aina ambayo wengi tunaifahamu ni UKM08 iliyotoka Ukiriguru.
- Chupa za viuadudu. Kizibo kisiwe kimefunguliwa, tarehe ya mwisho isiwe imepita. Zihesabu mwenyewe.
- Fomu. Idadi iliyoandikwa iwe sawa na iliyo mikononi. Ukikuta "chupa 12" na umepewa 8, usisaini 12 kwa ahadi kwamba nyingine zinakuja. Saini 8, andika 8 kwa maneno pia.

Hili la mwisho ndilo linalozaa madeni ya ajabu mwezi Juni. Mkulima anasema hakupewa, karatasi inasema alipewa na saini ni yake. Hapo hata mimi siwezi kumsaidia.

Mbegu ukifika nazo nyumbani, zijaribu. Hesabu 100, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka mahali pa joto. Baada ya siku tano hadi saba hesabu zilizoota. Zikiwa 80 panda kwa amani. Zikiwa 50, rudi kwa afisa kilimo na kitambaa chako mkononi kabla mvua haijakuaminisha vinginevyo. Mbegu zilizopakwa dawa usizilishe kuku wala usizikaange, ni sumu.

Na usiuze chupa zako. Anayekushawishi leo kwa shilingi elfu mbili ndiye utakayemfuata Februari kwa elfu nane.

## Hatua ya 6: Mbolea ya ruzuku, ukiihitaji

Wengi wetu tunatumia samadi, kwa hiyo nitapita haraka. Mfumo wa mbolea ya ruzuku ulioanza msimu wa 2022/23 unatumia namba ya mkulima iliyotokana na usajili ule ule. Unakwenda kwa wakala aliyesajiliwa ukiwa na namba yako na simu yako, unalipa bei iliyotangazwa, unapewa risiti. Usimwachie wakala namba yako "akusaidie baadaye": mifuko inaweza kusomeka imechukuliwa na wewe hujaiona.

## Hatua ya 7: Andaa pamba ili isikataliwe

Pesa inaanza kupotea shambani. Chuma ukiwa na vyombo viwili, kimoja cha pamba safi, kingine cha fifi, yaani pamba chafu ya daraja B. Ukichanganya, karani ana haki ya kuushusha mzigo wote daraja B.

Anika juu ya chaga au turubai. Kujua kama imekauka, chukua mbegu moja uing'ate: ikilia "ka!" imekauka, ikibonyea kama mhogo mbichi irudishe juani.

Usifungie kwenye mifuko ya sandarusi. Nyuzi zake hunyofoka na kuingia kwenye pamba, kiwandani hazionekani, zinakuja kuonekana kwenye kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi. Ndiyo maana wanunuzi wanapiga kelele. Kuhusu wanaonyunyizia maji na kuongeza mchanga, wanajijua; nao hufanya kijiji kizima kipewe bei ya mashaka.

## Hatua ya 8: Kwenye mizani

Msimu wa ununuzi hufunguliwa Mei. Kabla ya kupeleka mzigo, pita godauni mikono mitupu usome bei iliyobandikwa kwa siku hiyo. Bei dira, yaani bei elekezi, hutangazwa mwanzo wa msimu, ila kinachokulipa ni bei ya siku unayopima.

Pima nyumbani kwanza kama kuna mzani kijijini, hata wa kukodi. Tofauti ya kilo moja mbili ni ya kawaida. Tofauti ya kilo saba kwenye gunia moja ina maelezo.

Ukifika zamu yako:

1. Tazama mzani ukiwa mtupu. Usome sifuri. Ukisoma chochote, sema "karani, hebu rudisha sifuri" kabla gunia halijapanda.
2. Tafuta stika ya Wakala wa Vipimo. Mzani uliohakikiwa unayo, na ina mwaka.
3. Ukiwa na wasiwasi, pandisha kitu unachojua uzito wake. Mzee mmoja kwetu huja na mfuko wa unga wa kilo 25 ambao haujafunguliwa. Watu walimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili waliuazima mfuko wake.
4. Simama unapoiona skrini. Gunia lisiegemee ukuta, na goti la mtu yeyote lisiliguse.
5. Soma kilo kwa sauti, andika kwenye daftari lako kabla karani hajaandika kwenye lake.

Kisha kuna kilo za gunia lenyewe. Gunia tupu lipimwe, usikubali "tunakata mbili kwa kila mtu". Kama gunia lako lina kilo moja na unakatwa mbili, magunia kumi yamekula kilo 10 za pamba yako. Kwa bei ya 1,150 hiyo ni shilingi 11,500, nauli ya kwenda wilayani na kurudi.

Uza kwa jina lako tu. Ukimpimia jirani kwa namba yako kwa sababu yeye hana usajili, kwenye mfumo ni pamba yako na pesa yako, nyumbani ni ugomvi wenu.

Walanguzi watakuja na pesa taslimu kabla ya Mei, na najua mwezi wa njaa ulivyo. Ila kwa mlanguzi hakuna stakabadhi, mzani ni wake na kilo hizo hazionekani popote kwa jina lako.

## Hatua ya 9: Stakabadhi na hesabu

Stakabadhi isomeke: jina, namba ya mkulima, tarehe, kilo halisi, daraja, bei kwa kilo, jumla. Kikikosekana kimoja, usitoke mlangoni.

Ipige picha siku hiyo hiyo. Zile karatasi laini za mashine hufifia kwa joto. Ukiiweka juu ya kabati chini ya bati, Agosti utakuwa na karatasi nyeupe. Picha moja mtumie mtu unayemwamini.

Hesabu yako iwe hivi (namba ni za mfano, weka zako):

- Kilo 412 daraja A kwa 1,150 = 473,800
- Kilo 38 fifi kwa 575 = 21,850
- Jumla = 495,650
- Toa deni la pembejeo, tuseme 18,000 = 477,650

Makato mengine yoyote yawe na jina na yawe yamepitishwa kwenye mkutano wa wanachama. Ushuru wa halmashauri wa asilimia 3 kisheria unalipwa na mnunuzi. Ukiuona kwenye karatasi yako, uliza kwa nini uko hapo. Ndiyo sababu nawasihi watu waende mikutanoni. Makato hupitishwa Januari mbele ya watu kumi na watano, halafu Juni watu mia tatu wanashangaa.

## Hatua ya 10: Wakati wa kusubiri

Mnunuzi akichukua mzigo, chama huandaa orodha ya malipo, fedha huwekwa, kisha benki au mtandao wa simu hutuma. Muulize katibu orodha yenye jina lako imetoka lini. Hilo swali linajibika. "Pesa inakuja lini" halijibiki, ndiyo maana kila mtu anakupa tarehe yake.

Matapeli nao wanaujua msimu. Atapiga mtu akijiita wa benki, au wa ruzuku, akitaka namba ya siri au "ada ya kufungua malipo". Hakuna malipo ya pamba yanayofunguliwa kwa ada. Kata simu, ripoti namba yake kwenda 15040, bure.

Utajua umefaulu ujumbe ukiingia na kiasi kikalingana na daftari lako. Hakiki salio lenyewe, kwa sababu ujumbe wa uongo hufanana sana na wa kweli.

## Hatua ya 11: Pesa au pembejeo zisipofika

Panda ngazi moja moja, na kila ngazi acha barua yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo hupeperuka kama pamba yenyewe.

- Malipo au makato: katibu wa AMCOS, kisha bodi ya chama, kisha Afisa Ushirika wa wilaya, kisha Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika mkoani.
- Mbegu na viuadudu: afisa kilimo wa kata, kisha idara ya kilimo ya halmashauri na afisa wa Bodi ya Pamba wa eneo lenu.
- Mizani: Wakala wa Vipimo, siku hiyo hiyo, mzani ukiwa bado pale.
- Ukiombwa chochote ili jina lako lipite: TAKUKURU, namba 113.

Barua iwe ya nusu ukurasa: jina la NIDA, namba ya mkulima, tarehe ya kupima, kilo, kiasi unachodai. Ambatanisha nakala za stakabadhi. Halisi zisitoke nyumbani, hata kwa mwenyekiti, hata kwa binamu yako aliyeko halmashauri.

## Mwenye jina akifariki

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya msiba. Baba alipima pamba Mei, akafariki kabla ya malipo, na line imezimwa.

Msiendelee kutumia line yake kimya kimya. Kaeni kikao cha ukoo, teueni msimamizi, mwandike muhtasari, kisha mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo kufungua mirathi. Mahakama hutoa tangazo na kusubiri kama kuna mwenye pingamizi kabla ya kumteua msimamizi, kwa hiyo anzeni mapema. Wakati huo huo pelekeni chamani barua ya kuwajulisha ili malipo yazuiwe yasipotelee kwenye namba iliyokufa. Msimamizi akipewa barua ya mahakama, anaipeleka kwa katibu pamoja na stakabadhi za marehemu, na orodha inasomeka kwa jina la msimamizi.

Kama zile stakabadhi zipo kwenye bahasha na daftari lina kilo zake, kazi inayobaki ni ya mahakama tu.